Mnara wa Mkunazini: kanisa lililojengwa juu ya soko la watu, na sababu ya sisi wa Kasongo na Kabambare kuijua habari yake



Katika Mji Mkongwe wa Unguja, mtaa wa Mkunazini, kuna mnara wa kanisa uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, yale yanayochimbwa pwani. Juu una kilele kilichochongoka na ubavuni una saa. Ni mnara wa Kanisa Kuu la Kristo, la ndugu zetu Waanglikana. Watalii huupiga picha kila siku. Lakini kwetu sisi wa Maniema ya kusini mnara huu una habari inayotuhusu kuliko inavyowahusu watalii. Mahali uliposimama palikuwa soko la watumwa, na baadhi ya waliouzwa pale walitoka kwetu, walitembezwa kwa miguu kutoka Lualaba, wakapita Kasongo na Kabambare.

Wengi wetu tumesikia mambo ya utumwa kwa wazee, kipande kipande. Ni vizuri tuyaweke kwa mpangilio, tuone soko lile lilifungwaje, kanisa lilijengwaje na mnara umedumu vipi, kisha tujiulize habari hii inatudai nini leo.

Njia iliyopita kwetu

Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa kituo kikubwa cha biashara ya pembe za ndovu na ya watu. Misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Kutoka Ziwa Tanganyika mpaka pwani ni kama kilomita 1,200. Baada ya ndovu kupungua upande wa mashariki wa ziwa, wafanyabiashara walivuka maji wakaingia nchi waliyoiita Manyema. Kabambare ikawa kituo cha njiani. Nyangwe, kando ya Lualaba, ikawa soko. Kasongo ikawa mji mkubwa, wenye mashamba ya mpunga na nyumba za udongo za mtindo wa pwani. Ndipo Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kwetu kama Tippu Tip, alipoweka makao yake.

Pembe zilihitaji wabebaji, na vijiji vilivyokataa kutoa pembe au watu vilichomwa. Si wote waliokamatwa walipelekwa pwani. Wengi walibaki hapa hapa kama wapagazi, walimaji, askari na wake wa watu wasiowachagua. Lakini wako waliofika Ujiji, Tabora, Bagamoyo na Unguja. Ndiyo maana mpaka leo miji hiyo ina watu wanaojiita Wamanyema, na Dar es Salaam uko Msikiti wa Manyema, Kariakoo. Hao ni ndugu zetu wa damu. Wengine walikwenda kwa hiari yao, kwa biashara na kazi. Wengine mababu zao walikwenda wamefungwa shingoni.

Siku ya soko, Nyangwe

Mwaka 1869 mmisionari na msafiri Mskoti, David Livingstone, alifika Bambarre, ndiyo Kabambare yetu. Alikaa pale miezi mingi kwa sababu ya vidonda vya miguu vilivyomzuia kutembea. Mwaka 1871 akafika Nyangwe, ambayo leo iko katika teritware ya Kasongo.

Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko. Watu walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa wanawake walioleta vyakula. Watu wenye bunduki, wa mfanyabiashara aitwaye Dugumbe, wakaanza kupiga risasi ndani ya soko. Watu wakakimbilia mtoni. Mitumbwi ikapinduka kwa kujaa mno, na wengine wakazama katika Lualaba. Waarabu wenyewe walikadiria kwamba waliokufa ni kati ya 330 na 400.

Livingstone alikuwa ameishiwa na karatasi. Aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino aliotengeneza kwa matunda ya mwituni. Maandishi yale yalififia hata yakawa hayasomeki, mpaka wataalamu walipoyasoma tena kwa mwanga maalum mwaka 2011. Lakini barua zake zilifika Ulaya mapema, mwaka 1872, zikiletwa na Stanley aliyekutana naye Ujiji. Habari ya Nyangwe iliwachoma watu wengi Uingereza, na serikali yao ikasukumwa kumbana Sultani wa Zanzibar.

Tukumbuke jambo hili, ndugu. Katika hoja zilizosaidia kulifunga soko la Unguja kulikuwa na damu ya wanawake wa soko la Nyangwe. Majina yao hatuyajui. Lakini si haki kusimulia habari ya kufungwa kwa soko kana kwamba ilikuwa kazi ya Wazungu peke yao.

Soko linafungwa, jiwe linawekwa

Mapema mwaka 1873 mjumbe wa Uingereza, Bartle Frere, alifika Zanzibar kudai mkataba. Sultani Barghash alikataa. Alipoonywa kwamba meli za kivita zitazingira kisiwa chake, alikubali. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ulitiwa sahihi na masoko yote ya watumwa katika milki yake yakafungwa. Livingstone hakuisikia habari hiyo, kwa maana alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla, kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo.

Misheni ya Waanglikana iliyokuwa Unguja tangu 1864 ilitaka kupata kiwanja kile cha soko. Mmisionari kijana, Arthur West, alinunua sehemu yake akaitoa kwa misheni. Sehemu nyingine ya jirani ilitolewa na tajiri Mhindu, Jairam Senji. Siku ya Krismasi mwaka 1873, miezi sita tu baada ya soko kufungwa, jiwe la msingi liliwekwa.

Aliyeisimamia kazi hiyo ni Edward Steere, ambaye mwaka 1874 alifanywa askofu. Alikuwa amesomea sheria, hakuwa fundi. Lakini alisimama na waashi mwaka baada ya mwaka, akipima, akikosea na kurekebisha. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877, kabla jengo halijamalizika.

Gothiki ni kitu gani?

Mtindo wa jengo hili unaitwa Gothiki. Ulianza Ufaransa katika karne ya 12, na katika karne ya 19 Waingereza waliupenda tena, wakaupeleka kila walikokwenda. Alama yake ya kwanza ni tao lililochongoka. Tao la duara husukuma uzito sana kwenda pembeni, nalo huelekea kupasua ukuta. Tao lililochongoka huupeleka uzito zaidi kuelekea chini, kwenye nguzo. Kwa hiyo fundi anaweza kwenda juu zaidi na kuweka madirisha marefu. Alama ya pili ni mnara wenye kilele kinachoelekeza macho juu.

Lakini kanisa la Mkunazini si nakala ya Uingereza. Madirisha yake yana tao la Gothiki, ila mapambo yake mengine yanafanana na ya majumba ya Waarabu wa pwani. Kuta zake ni matumbawe. Paa lake, badala ya mbao, ni kuba refu la zege lililochanganywa kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji, likivuka upana wa zaidi ya mita 8 bila nguzo katikati. Watu wengi walisema litaanguka siku mbao za kushikilia zitakapoondolewa. Halikuanguka.

Karibu na mlango wa magharibi kuna nguzo 12 ndogo ambazo zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Inasimuliwa kwamba Steere alikuwa hayupo, na mafundi ambao hawajawahi kuona nguzo za namna ile wakaziweka walivyodhani ndivyo. Aliporudi aliziacha hivyo. Nguzo zile zinabeba uzito wake mpaka leo. Sisi tunaojenga makanisa kwa mikono ya waumini, wengine mafundi, wengine wanafunzi, tunaweza kufurahia habari hiyo.

Mbele, kwenye sakafu ya madhabahu, kuna duara la marumaru. Kwa mapokeo, hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa, ili mnunuzi aone nani ana nguvu ya kuvumilia. Penye mti wa viboko sasa pana meza ya Bwana. Kando yake uko msalaba uliochongwa kwa mbao za mti wa kule Chitambo, ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Steere mwenyewe, aliyefariki mwaka 1882, amezikwa nyuma ya madhabahu.

Saa ya Sultani

Saa ya mnara ni zawadi ya Sultani Barghash, yule yule aliyelazimishwa kufunga soko. Inasimuliwa kwamba aliitoa kwa sharti kwamba mnara wa kanisa usiwe mrefu kuliko jumba lake. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, jengo refu kuliko yote katika Afrika Mashariki ya wakati ule, na mbele yake ulikuwako mnara.

Kwa hiyo ardhi ya kanisa hili ilitoka kwa Mkristo na Mhindu, na saa yake kwa Mwislamu. Sisi wa Kasongo, tunaoishi nyumba kwa nyumba na ndugu zetu Waislamu, na wengi wetu tuna shangazi au babu Mwislamu, tusipite haraka mahali hapa. Habari ya utumwa imetumiwa mara nyingi kama fimbo ya kumpigia jirani. Lakini waliokamatwa walikuwa wa kila aina, na waliokamata vilevile. Bunduki za misafara zilibebwa na vijana wengi wa Maniema yenyewe. Katika koo zetu wamo wajukuu wa waliofungwa na wajukuu wa waliofunga, na mara nyingi mtu mmoja ana damu ya pande zote mbili.

Tena kufungwa kwa soko la pwani hakukuleta raha kwetu mara moja. Miaka iliyofuata ndiyo ambayo nguvu ya Tippu Tip ilikua Kasongo. Majeshi ya Leopold yaliiteka Kasongo Aprili 1893 na Kabambare mwanzoni mwa 1894, yakisema yamekuja kuondoa utumwa. Kisha utawala huo huo ukawalazimisha watu kubeba mizigo na kutoa pembe na mpira kwa viboko. Huko Zanzibar nako, sheria ya kuuondoa utumwa wenyewe ilikuja mwaka 1897 tu. Uovu hubadilisha nguo, na bendera mpya si lazima iwe uhuru.

Watoto wa jahazini

Kama tunataka kuona kanisa lile lilijengwa kwa ajili ya nini, tuangalie watu zaidi ya mawe. Mwaka 1864, misheni ilipoanza Unguja, Sultani Majid aliipa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, aliwekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akawa kasisi mwaka 1890 na kwenda kuhubiri kwa watu wake Wayao. Mtoto aliyekuwa na bei alisimama akawaombea wengine.

Steere aliacha pia kazi nyingine, nayo imetufikia sisi kuliko mnara. Alijifunza Kiswahili kwa watu wa Unguja, akaandika kitabu cha sarufi, na kwa msaada wao akafasiri Agano Jipya na sehemu za Agano la Kale. Vijana wa misheni, wengi wao waliookolewa utumwani, walifanya kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Kiswahili hicho hicho ndicho kilichokuja Kasongo na misafara, kikabaki, na watu wa Kasongo wanasifika mpaka leo kwa kukisema karibu na cha pwani. Tippu Tip naye aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kisha akafa Unguja mwaka 1905, katika mji huo huo wenye mnara. Lugha iliyotumika kuamuru misafara ndiyo lugha ambayo leo tunasomea Injili Kasongo, Kabambare, Samba na Salamabila. Mungu alichukua kilichotumika kwa mabaya akakifanya chombo cha mema, kama Yusufu alivyowaambia ndugu zake waliomuuza.

Kwa nini mnara bado unasimama

Mnara wa kwanza wa Sultani uliangushwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita iliyodumu chini ya saa moja. Mwingine ukajengwa ukiunganishwa na Jumba la Maajabu. Miaka ilipita, maji ya mvua yakaingia, sehemu moja baada ya nyingine ikadhoofika. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya ukarabati inaendelea, mnara ule ulianguka pamoja na sehemu ya jumba. Watu wawili walikufa.

Kuna mhubiri anayeweza kushawishika kusema: tazameni, mnara wa Sultani umeanguka siku ya Krismasi, mnara wa kanisa umesimama. Tusiseme hivyo. Bwana Yesu alipoambiwa habari za mnara wa Siloamu, ulioua watu 18, alikataa kabisa hesabu ya namna hiyo (Luka 13). Aliwageuzia swali waliouliza, akawaita wao wenyewe watubu.

Mawe ya matumbawe hayajali dini. Hunywa maji, na chumvi ikiingia ndani huyala taratibu. Kanisa la Mkunazini nalo lilivuja na kupasuka. Limesimama kwa sababu kila kizazi kiliona ufa kikauziba. Katika miaka ya 2010 kazi kubwa ilifanyika pamoja na shirika la World Monuments Fund, kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya, na kando yake kukafunguliwa maonyesho ya historia ya utumwa. Uwanjani kuna sanamu za watu watano wakiwa shimoni, wamefungwa minyororo shingoni. Ni kazi ya msanii kutoka Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998.

Mgeni huonyeshwa pia vyumba vya chini, jirani na kanisa, akiambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo. Tuwe waangalifu hapo. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni kama hospitali baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wana mashaka juu ya masimulizi hayo. Mateso yalikuwa ya kweli na hayahitaji kuongezewa. Shahidi anayeongeza neno moja anawapa watu sababu ya kukataa maneno yake yote.

Sisi na ukumbusho wetu

Nyangwe haina mnara. Mahali pale kando ya Lualaba, watu walipozama siku ya soko, tunapaswa kupataja zaidi katika mahubiri yetu. Hatuhitaji fedha za Ulaya ili kukumbuka. Tarehe 15 Julai inaweza kuwa siku ya maombi katika makanisa yetu, tukiwaalika jirani zetu Waislamu kukaa nasi, kwa maana wafu wale ni wetu sote. Wazee waliosikia habari kwa babu zao wanapungua. Vijana wenye simu wanaweza kurekodi sauti zao mwezi huu huu.

Kuna jambo zito zaidi. Soko la Mkunazini limefungwa, lakini katika teritware zetu bado wako watu wanaofanyiwa bei. Kijana anachukuliwa na kikundi chenye silaha abebe mizigo porini. Msichana anatekwa na kufanywa mke kwa nguvu. Mtoto anatwanga mawe ya dhahabu badala ya kwenda shule. Wakimbizi wa Kabambare wanajua ninachosema. Kanisa linaloimba juu ya ukombozi na kunyamaza mbele ya mambo haya lina nguzo zilizogeuzwa, nazo hazitabeba uzito kama zile za Steere.

Msichana aliyerudi kutoka porini akiwa na mtoto anapoingia kanisani kwako Jumapili, anakaa wapi? Nani anamsogelea? Je, mtoto wake anaitwa kwa jina lake, au kwa jina la waliomteka mama yake? Waliojenga Mkunazini waliweka meza ya Bwana mahali pa mti wa viboko, na watoto wa jahazini wakakaribishwa kwenye meza hiyo, wakafundishwa, wakapewa kazi ya Mungu mikononi. Kazi hiyo haihitaji mawe ya matumbawe wala saa ya Sultani. Kanisa la miti na udongo lenye bati la kuvuja linaweza kuifanya kuanzia Jumapili hii.

Bwana awape nguvu, na amani yake ikae Kasongo na Kabambare.